Vumbi la Dodoma na kamera zetu: lipi la kuliogopa, lipi la kuliacha

Najua nimepotea kama wiki 3 hivi. Ilikuwa UE, msuli mpaka saa 9 usiku, na hapa ninapoandika matokeo bado, kwa hiyo wenye sapu na wenye kudisko tutajuana mbele ya safari. Tuyaache hayo. Leo libeneke linaendelea na swali ambalo watu watatu wameniuliza ndani ya wiki moja, kila mtu kwa namna yake, na nimechoka kulijibu koridoni huku nimebeba ndoo ya maji.

Wa kwanza ni dada mmoja wa mwaka wa tatu. Alipigwa picha za mahafali, joho limemkaa vizuri, tabasamu la kufa mtu, lakini angani kuna vidoa 7 vyeusi. Picha hii vipo, picha ile vipo, palepale. Akaniuliza kama ni ndege. Ndege gani hao wanaosimama sehemu moja saa nzima? Wa pili ni jamaa wa kozi ya Kiswahili, mwenye kamera ya mkononi mwa mtu. Akichungulia anaona vumbi, akapeleka kwa fundi mjini, fundi akamwambia alete elfu 70 wafumue lenzi. Wa tatu ni mwenzangu wa rumu, na huyu ndiye aliyenifanya nikae chini niandike, maana nusura aitoe lenzi yake kwa bei ya kutupa.

Watatu wote wanalia vumbi. Lakini nikikaa nikaangalia, wana matatizo matatu tofauti kabisa, na dawa ya mmoja haimfai mwingine. Hilo ndilo ninalotaka mtoke nalo leo: kabla hujatoa pesa, kabla hujauza, kabla hujaingiza kidole, jua kwanza vumbi lako limekaa WAPI.

Kwa mnaonisoma mkiwa Dar au Mwanza, niwape picha kidogo. UDOM ilianza mwaka 2007, imekaa huku vilimani, vyuo vimetawanyika, kutoka hosteli hadi darasani ni safari. Mvua zikiisha, kuanzia Juni mpaka kama Novemba hivi hakuna tone. Ni upepo tu. Unafua shuka asubuhi, jioni unaanua shuka la rangi ya chai. Na ile chamchela ikikukuta katikati ya njia, unafumba macho, unashika sketi, unaomba Mungu. Sasa mwenye kamera katika nchi kama hii afanyeje? Kamera ni kisanduku chenye matundu, na vumbi haliombi hodi.

Mimi yangu nilipewa na mjomba. Mjomba alipiga picha za harusi miaka mingi kwa Yashica ya filamu, baadaye akahamia dijitali, na nilipochaguliwa chuo akanikabidhi Canon EOS 400D, kamera iliyotoka mwaka 2006, megapikseli 10. Kizee, lakini kinanilisha siku ambazo boom limekata. Na kwa kuwa nasomea ualimu wa Fizikia na Hesabu, mambo ya mwanga mnisamehe, nitaweka ubao kidogo. Sio mtihani.

Tuanze na jamaa wa elfu 70, maana lake ni fupi. Nilimwambia, "Kaka, hebu piga picha ya ukuta mweupe tuone." Akapiga. Tukaivuta kwenye kompyuta, tukaikuza, tukaisogeza kona hadi kona. Safi! Hakuna hata kidoa. Akachungulia tena kwenye kamera: vumbi lile pale. Akabaki ananiangalia kama nimemroga.

Si uchawi. Kwenye kamera zenye kioo cha kuakisi ndani, unapochungulia hutazami kupitia sensa. Mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo cha kuakisi, unapanda juu kwenye kioo kingine chenye ukungu kidogo, hapo picha inatua kama kwenye pazia la sinema, ndipo inafika jichoni kwako. Vumbi likikaa kwenye hilo pazia utaliona kila siku, tena limekolea kabisa. Ila ukibonyeza, kioo cha kuakisi kinanyanyuka, mwanga unapita moja kwa moja kwenda nyuma, na lile pazia halihusiki tena. Kwa hiyo vumbi hilo linakera jicho, picha haliigusi. Na hicho kioo cha pazia ni laini, kinachubuka kwa kuguswa tu. Ukikisugua utabadilisha vumbi linalotoka kwa mkwaruzo usiotoka. Mpulizie upepo kidogo, likitoka sawa, likikataa liache. Elfu 70 ya jamaa ikabaki mfukoni, na mimi nikapata chipsi mayai. Haki ya mwalimu hiyo.

Sasa tuje kwa mwenzangu wa rumu. Yeye ana lenzi ya zumu, ile ya 55 mpaka 250, nzuri sana kwa mahafali maana unakaa mbali na unampata mtu usoni. TP ilikuwa inaanza, kapangiwa Kasulu, boom bado, nauli ya kutafuta, chumba cha kupanga kule cha kutafuta. Akaamua auze lenzi. Tukaenda naye mjini kwa kaka mmoja mwenye studio. Kaka akaichukua, akawasha tochi ya simu, akamulika kwa nyuma, akatikisa kichwa kama daktari anayeleta habari mbaya.

"Dada, hii imeshakufa. Ona vumbi hilo lote ndani. Nitakupa 90, tena kwa kukuhurumia."

Lenzi ile ikiwa nzima tulikuwa tumeipigia hesabu ya laki 2 na nusu. Mwenzangu akanivuta pembeni. "Ticha, si bora nichukue tu? Jumatatu natakiwa niwe barabarani."

Na mimi nilichungulia kwenye tochi. Kweli, vumbi lilikuwepo. Ndani ya lenzi palikuwa kama angani usiku wa kiangazi, vinyota vitupu. Lakini tochi ya simu ni shahidi mbaya sana. Mulika lenzi yoyote iliyotumika, hata ya juzi, utaona vinyota. Lenzi za zumu zinazorefuka ukizungusha zinafanya kazi kama pampu ya baiskeli: ukirefusha zinavuta hewa ndani, ukifupisha zinaitoa. Na hewa ya Dodoma mnaijua. Roger Cicala, mwanzilishi wa kampuni ya Lensrentals ya Marekani inayokodisha lenzi, ameandika mara nyingi kwamba vumbi ndani ya lenzi ni jambo la kawaida na kwa sehemu kubwa halina athari kwenye picha. Huyo ni mtu ambaye lenzi zinapita mikononi mwa watu wake kila siku na kufunguliwa.

Nikamwambia mwenzangu, "Tupe siku moja. Tusibishane na mtu kwa mdomo, twende tukapime."

Hapa ndipo ubao unapoingia. Chukua kioo cha mbele cha lenzi chenye upana wa milimita 50. Chukua punje ya vumbi kubwa kabisa, ya nusu milimita, ile unayoiona hata bila tochi. Upana wa kioo ni mara 100 ya punje, kwa hiyo eneo lake ni mara 100 kwa 100, yaani mara 10,000. Punje hiyo inaziba sehemu 1 ya mwanga kati ya 10,000. Na haizibi sehemu moja ya picha, maana kila nukta ya picha inatengenezwa na mwanga uliopita kwenye upana mkubwa wa kioo, sio kwenye punje tu. Ni kama mtu mmoja kuchelewa kwenye mkutano wa watu 10,000. Nani atajua?

Jumamosi asubuhi tukasimama koridoni ghorofa ya juu. Tukapiga picha ya jengo la ng'ambo, zumu imevutwa mpaka mwisho, 250. Halafu tukakata karatasi ya gundi, nusu sentimita kwa nusu sentimita, tukaibandika katikati kabisa ya kioo cha mbele! Hiyo inaziba zaidi kidogo ya asilimia 1 ya kioo, sawa na mapunje mengi sana ya vumbi kwa pamoja. Tukapiga tena jengo lilelile. Tukaita majirani 6 waseme ipi ina karatasi. Watatu wakapatia, watatu wakakosa. Yaani kubahatisha kwa shilingi. Jirani mmoja akasema picha yenye karatasi ndiyo safi zaidi, teh teh teh!

Lakini mwalimu anapima pande zote, hachagui majibu yanayompendeza. Tukageuka tukapiga kuelekea jua la asubuhi. Hapo picha ikapauka, weupe weupe kama mtu kamwagia maziwa. Vumbi lililomo ndani linapopigwa na jua la mbele linatawanya mwanga, na weusi wa picha unapungua. Hilo ni kweli na lazima lisemwe. Kuna na kesi nyingine: lenzi ya upana mkubwa, tuseme milimita 18, ukiibana tundu lake mpaka f/22. Gawanya 18 kwa 22, unapata tundu lisilofika hata milimita 1. Hapo mwanga wa kila nukta unapita kwenye kijinjia chembamba, na punje ya nusu milimita inakuwa jiwe katikati ya njia, hasa ikiwa kwenye kioo cha nyuma. Ndiyo maana kioo cha nyuma ndicho cha kutunza kuliko cha mbele.

Na msichanganye vumbi na kuvu. Kuvu ni kiumbe hai wa aina yake, anatambaa kama utando wa buibui au mizizi myembamba, anapenda unyevunyevu, na akikaa muda mrefu anakula rangi za kinga zilizopakwa kwenye kioo. Wa Dar, Tanga na Zanzibar huyo ndiye adui yenu, sio vumbi. Ukimulika ukaona nyuzi badala ya vinyota, usinunue, na kama ni yako wahi kwa fundi anayejua.

Basi Jumatatu ikasogezwa ikawa Jumanne. Tukarudi kwa kaka wa studio na picha zetu. Akaangalia, akasema, "Hizi mmepiga kwa lenzi nyingine." Nikamwambia, "Sawa kaka, weka kwenye kamera yako mwenyewe, piga hapo nje." Akapiga. Akakuza. Akakuna kichwa, akacheka, akapanda mpaka 160. Mwenzangu akamshukuru kwa adabu, tukaondoka. Jioni hiyo lenzi ilichukuliwa na mdogo wetu mmoja wa mwaka wa pili kwa laki 2 taslimu. Tulimweleza kila kitu kabla hajatoa hela: vumbi limo, hili hapa kwenye tochi, picha hizi hapa, ukipiga kuelekea jua itapauka, bei tumeshusha kwa ajili hiyo. Akakubali macho makavu. Kati ya 90 na laki 2 kuna 110,000. Kwa mtu anayeenda TP hiyo ni nauli na chumba. Siku ile niliona thamani ya somo la Fizikia kuliko miaka yote niliyolisoma.

Sasa lile vumbi la kuogopa kweli. Turudi kwa dada wa ndege 7.

Hilo liko kwenye sensa. Sio ile ya kuhesabu watu jamani, nasema kile kibao cha umeme nyuma ya lenzi kinachopokea picha. Kwa usahihi, vumbi haligusi sensa yenyewe, linakaa kwenye kioo chembamba kilicholala juu yake. Zamani za Yashica ya mjomba tatizo hili halikuwa hivi, maana kila picha ilipata kipande kipya cha filamu. Vumbi likiharibu moja, inayofuata inaanza upya. Kwenye dijitali "filamu" ni ileile tangu siku uliponunua mpaka siku utakayoitupa. Punje ikikaa Januari, inatokea kwenye picha mpaka Desemba, palepale.

Na ukubwa wake usiudharau. Sensa ya 400D ina upana wa milimita 22 na kitu, na ndani ya upana huo kuna pikseli 3,888. Punje ya sehemu 5 za mia za milimita, ambayo jicho linahangaika kuiona, inafunika pikseli kama 9 kwa mstari. Ikichapishwa kubwa, huyo ndiye ndege wako.

Kitu kinachowachanganya wengi: "Mbona jana hakikuonekana?" Jibu mnaweza kulifanya chumbani sasa hivi. Kaa chini ya ile taa ndefu ya tyubu, weka kidole juu ya meza, kinyanyue sentimita chache, kisilale upande uleule taa ilivyolala bali kiikate. Kivuli kinafifia mpaka kinapotea. Zima tyubu, washa tochi ya simu kutoka juu, fanya vilevile. Kivuli kinabaki kikali. Kidole ni kilekile, kilichobadilika ni upana wa chanzo cha mwanga. Lenzi nayo ndivyo. Ukifungua tundu wazi, f/4 kwa mfano, mwanga unakuja kutoka pande nyingi na kivuli cha punje kinayeyuka. Ukibana f/16, mwanga unakuja kwenye tundu dogo kama tochi, na punje inajichora. Ndiyo maana picha za usiku ukumbini ziko safi, halafu mchana wa jua kali, kamera imebana tundu yenyewe, anga la buluu, vidoa kama tetekuwanga.

Kwa hiyo kipimo ni hiki. Weka tundu f/16 au f/22, ISO ya chini kabisa, toa fokasi makusudi, piga anga tupu au karatasi nyeupe huku unatikisa kamera kidogo. Kila kitu cha nje kitavurugika, kitakachobaki kimetulia ni vumbi la sensa. Na kama unataka kujua punje iko wapi: lenzi inapindua picha. Ukiiangalia sensa kwa mbele kupitia mdomo wa kamera, kidoa cha juu kushoto kwenye picha kinakaa chini kushoto. Juu na chini vinabadilishana, kushoto na kulia vinabaki.

Aliyempiga picha yule dada ni rafiki yetu, akaja na kamera yake, tukafanya kwa hatua. Kwanza tuliwasha mtikiso wa ndani. Kamera nyingi zinao: Olympus ndio walioanza mwaka 2003 na E-1, kioo cha mbele ya sensa kinatetemeka kwa kasi sana na vumbi linadondoka. Canon wakaweka kwenye hii hii 400D mwaka 2006. Vidoa vikabaki 6. Hatua ya pili ni upepo. Betri ijae kwanza, hili sio la utani, maana ikizima katikati kioo cha kuakisi na shata vitajifunga na ulichoingiza kitabanwa. Kwenye menyu chagua kusafisha sensa kwa mkono, kioo kinanyanyuka. Geuza mdomo wa kamera utazame chini, vumbi likitoka lidondoke. Kisha puliza kwa ule mpira wa kubonyeza, ncha isiingie ndani. Mimi natumia ule wa famasi wa kusafishia masikio ya watoto, ila ukiwa mpya ubonyeze nje mara nyingi kwanza, mingine ina unga ndani. Vidoa vikabaki 2.

Hivyo 2 vilikuwa vimenata. Hapo ndipo vinatumika vijiti maalum vyenye kitambaa laini, upana wake sawa na sensa yako, milimita 16 kwa kamera kama zetu na 24 kwa zile kubwa, na tone 1 au 2 za maji yake maalum. Unapitisha mara moja kutoka upande huu hadi ule bila kurudi, unageuza kijiti, unarudi na upande msafi, unatupa. Hujui, muone anayejua. Rafiki yetu akaamua aviache viwili vile mpaka atakapokwenda Dar, akawa anapiga f/8 badala ya f/16. Havionekani. Na zile picha za dada tulizisafisha kwa GIMP, programu ya bure, kidoa kimoja kimoja. Ndege wote 7 wamehama.

Msidhani ni shida ya kamera kuukuu au ya Dodoma peke yetu. Nikon walitoa D600 mwaka 2012, kamera mpya ya bei mbaya, na wanunuzi wakalalamika vidoa vingi kwenye sensa. Mwaka 2013 ikaja D610, na mwaka 2014 Nikon wakatangaza kuzikagua na kuzihudumia D600 bure, pamoja na kubadilisha shata. Kumbe vidoa vinaweza kutoka ndani, kwenye mashine yenyewe.

Yafuatayo msifanye, na yote nimeyasikia hapahapa chuo. Kupuliza kwa mdomo: mate ni mabaya kuliko vumbi. Ncha ya kanga au tisheti: ina michanga, itakwaruza. Spiriti ya zahanati na tishu ya chooni: inaacha alama na nyuzi. Ule upepo wa kopo: unaweza kurusha majimaji yake juu ya kioo. Na kuna mtu alishauriwa apeleke kamera kwa fundi pancha, wapulizie na kompresa ya matairi! Jamani. Ule upepo una nguvu, una mafuta na una maji. Utatoa vumbi pamoja na kamera.

Kinga ni rahisi kuliko dawa. Badili lenzi chumbani, sio uwanjani, na feni ikiwa imezimwa. Zima kamera, geuza mdomo chini, lenzi ya pili iwe tayari mkononi. Vifuniko vya nyuma vifute, maana vumbi la kwenye kifuniko ndilo litakaloingia kesho. Begi likung'ute mara kwa mara. Ukipanda bodaboda au bajaji, kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha begi. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vya kwenye boksi la viatu usitupe, vitakusaidia mvua zikianza. Wa simu nanyi hamjasahaulika: asilimia kubwa ya "kamera yangu imefifia" ni mafuta ya kidole kwenye kilenzi cha nyuma. Kitambaa laini cha miwani, basi.

Ah, na lile la mwisho. Kwenye mnuso wa juzi usiku kuna picha zina vidude vya duara vinavyoelea, watu wakaanza kusema ni mizimu ya Chimwaga. Ni vumbi la hewani lililo karibu na lenzi, flashi imeliwasha, na kwa kuwa liko nje ya fokasi linakuwa duara kubwa. Watu walikuwa wanacheza kwenye uwanja wa udongo, mlitegemea nini?

Mwenzangu yuko Kasulu tayari, anasema kidato cha tatu ana wanafunzi wengi kuliko madawati, na amewafundisha kivuli kwa kidole na tochi. Kesho jioni nitakuwa rumu na mpira wangu wa famasi. Mwenye kamera aje nayo betri imejaa, na mwenye chipsi aje nazo pia. Msuli mwema!